Majani ya Maharagwe Kando ya Kitanda

Mama mmoja alituletea chupa ya maji ya kunywa iliyojaa kitu cheupe kama maziwa. Haikuwa na kibandiko wala jina. Alipimiwa kama dawa ya wadudu sokoni hapa Kampala, akanyunyiza kwenye godoro wanalolalia watoto wake watatu, na kunguni wakabaki palepale. Wazazi wenzangu, nawaomba sana: sumu ya kupimiwa isiingie nyumbani. Mtoto mwenye kiu akiona chupa ya maji, anakunywa.

Kwa nini kunguni hawakufa? Dawa nyingi za wadudu ni za jamii ya pairethroidi, kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, lile linalolimwa kwenye baridi ya Kisoro na Kabale. Kunguni wa sehemu nyingi duniani wameshazizoea. Ukizidisha kipimo unajiumiza wewe.

Sasa chuma jani la maharagwe upitishe kidole upande wa chini. Utahisi linanata. Hiyo si gundi, ni vinyweleo vidogo vilivyopinda kama ndoana. Watu wa nchi za Balkani, huko Ulaya, walikuwa wakitandaza majani haya sakafuni kando ya kitanda. Kunguni akitoka usiku kutafuta damu, ndoana humchoma miguuni, hanasuki tena. Asubuhi majani yalikusanywa na kuchomwa moto. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha picha za hadubini zinazoonyesha ndoana hizo zimepenya mguu wa mdudu. Walijaribu kutengeneza za bandia, zikashindwa kumshika kama jani linavyomshika.

Sisi Uganda majani ya maharagwe tunayo tele. Yachume jioni yakiwa mabichi, maana yakinyauka hujikunja, na kesho yake utandaze mengine. Hayafiki kwenye mayai yaliyofichwa ndani ya nyufa za kitanda, kwa hiyo shuka zifuliwe kwa maji ya moto na mbao za kitanda zimwagiwe maji yanayochemka.

Maharagwe yenyewe yakishavunwa nayo huvamiwa na fukusi. Ukiona punje zina matundu ya mviringo, mdudu ameshatoka. Yaanike vizuri kwanza, kisha yapake mafuta ya kupikia, kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo. Gunia la kilo 100 linataka kama nusu lita. Changanya mpaka kila punje ing'ae. Mafuta huziba pumzi ya yai la fukusi, na maharagwe yanaliwa bila wasiwasi. Wengine huweka majani makavu ya kawunyira, gugu lenye harufu kali, katikati ya gunia. Harufu yake husaidia, ila mimi nayaamini mafuta zaidi.

Mwarobaini watu wengi huukosea kwa kuuchemsha. Moto unaharibu kiini chake. Twanga mbegu, ambazo zina nguvu kuliko majani, loweka usiku kucha kwenye maji baridi, chuja, nyunyiza kwenye mimea. Usingoje wadudu waanguke papo hapo: dawa hii huwakatisha hamu ya kula na kuwazuia kujivua gamba, kwa hiyo hupungua polepole.

Kivumbasi, yaani mujaaja, hufukuza mbu kwa muda mfupi tu. Neti yenye dawa ibaki kitandani. Malaria haina mzaha.

Nasisitiza pia kwamba cha asili si lazima kiwe salama. Muluku, ule mmea ambao wakulima huupanda kuzuia fuko shambani, huua samaki. Usioshe vyombo vyake kwenye kijito. Maji ya tumbaku ni hatari zaidi, kwa sababu nikotini hupenya kwenye ngozi. Yasitumike nyumbani kabisa, hata kama bibi aliyatumia.

Na kama una chupa kama ya yule mama, usiimwage chooni wala mtaroni. Ifunge, iandike SUMU kwa herufi kubwa, iweke juu mahali mtoto hafiki, kisha umwulize afisa kilimo wa eneo lako ipelekwe wapi.