“Ingia kwanza, fani utairudia”

Fungua tangazo lolote la kazi la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Acha majukumu na sifa za mwombaji, shuka mpaka masharti ya jumla kule chini ambako wengi hawafiki. Hapo, pamoja na sharti la umri usiozidi miaka 45 na maelekezo ya vyeti, utakuta sentensi inayosema kwamba walio tayari waajiriwa serikalini katika nafasi za kuingilia, yaani ngazi ya kuanzia ya kada, wasiombe, wazingatie waraka wa tarehe 30 Novemba 2010. Nimefanya kazi ya rasilimali watu muda mrefu, na sidhani kama kuna sentensi nyingine ya kiofisi iliyowapangia wahitimu wetu maisha bila wao kujua namna hiyo.

Wahitimu huniletea swali lao likiwa limeshapasuliwa mara mbili: nichukue kazi ya uhakika iliyojitokeza, au nisubiri kazi ya fani niliyosomea? Nyumbani kwao jibu liko tayari: ingia kwanza, fani utairudia. Baba mmoja alinipigia simu kwa ajili ya binti yake, mhitimu wa uhandisi ujenzi, aliyepata kazi ya afisa mikopo na akawa anasitasita. “Mwalimu,” akaniambia (huniita hivyo tangu semina niliyotoa kazini kwao), “mwambie mdogo wako kazi ni kazi. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.” Nikamwambia, “Mzee wangu, hiyo kenda naiona. Ninachotaka kujua ni kama kumi itamsubiri.”

Jambo lenyewe liko hapo. Fani hazilingani katika kusubiri. Ukichukua kazi isiyo ya fani yako ukakaa nayo miaka minne, kuna fani utazikuta palepale ulipoziacha, na kuna nyingine utakuta zimeshafunga mlango na kukabidhi ufunguo kwa wadogo zako. Kwa hiyo kabla ya kujadili mshahara, kaa ujue fani yako ni ya aina gani.

Uhasibu unasubiri. Mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, unaifanya ukiwa teller wa benki, ukiwa karani wa bandarini, ukiwa unauza vifaa vya ujenzi Kariakoo. Ili ukae kwenye mtihani, bodi haikuulizi mchana unashinda wapi. Kwa mhitimu wa namna hiyo kazi ya uhakika ni msaada mtupu, kwani ndiyo inayolipia vitabu na ada za mitihani, na ninamshangaa anayekataa mshahara ili “ajikite kwenye CPA”, cheti cha juu cha uhasibu, huku anakula kwa dada yake. Sheria nayo inasubiri, ila kwa gharama. Tangu sheria iliyoanzisha Law School, shule ya mafunzo ya uwakili, ipitishwe mwaka 2007, shahada ya sheria peke yake haikufanyi wakili. Lazima upite pale kwanza, na programu hiyo huchukua takribani mwaka mzima wa darasani na fildi. Shahada yako haichachi ukiingia baada ya miaka mitano. Kinachowakwamisha wengi ni ada na uwezo wa kukaa mwaka bila kipato, na hapo tena miaka miwili ya kazi yoyote yenye mshahara inaweza kuwa ndiyo njia fupi kuliko zote.

Udaktari na famasia sitazungumza sana. Maliza utarajali, mengine yatafuata.

Uhandisi hausubiri. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyo chini ya sheria ya mwaka 1997, inamsajili mwenye shahada kama mhandisi mhitimu. Ili apande kuwa mhandisi mtaalamu anahitaji angalau miaka mitatu ya kazi za kihandisi, akisimamiwa na mhandisi aliyesajiliwa, kazi zenyewe zikiwa zimeandikwa na kusainiwa. Mpango wa SEAP, ulioanza mwaka 2003, uliwekwa kwa ajili hiyo hiyo: kumpeleka mhitimu kwenye miradi na kuwapo mtu wa kumsimamia. Sasa chukua miaka minne ya kukusanya marejesho Mbagala. Katika hesabu ya bodi ni sifuri. Hata haipunguzwi kwa asilimia fulani kwamba ulikuwa unafanya kazi kwa bidii.

Bodi ni nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili iko kwetu sisi tunaopitia maombi, na hakuna anayewaambia vijana waziwazi. Mkandarasi akitaka mhandisi mhitimu wa kumfundisha kazi, mezani pake kuna wahitimu wa mwaka huu, programu za usanifu bado ziko vidoleni, mshahara wanaoutaka ni mdogo. Akitaka mwenye uzoefu, kuna wenzako wa darasa moja ambao sasa wana usajili kamili. Wewe wa miaka minne kwenye mikopo uko katikati: umri wa wale wa pili, uzoefu wa wale wa kwanza. Sijawahi kusikia kwenye kikao cha usaili mtu akisema mwombaji huyo ni mbaya. Jina lake linarukwa tu.

Ndiyo maana yule binti nilimtaka tupige hesabu kwanza, tena kwa kalamu. Alikuwa na ofa mbili mezani. Ya kwanza, afisa mikopo. Tuseme mshahara wa shilingi 700,000 kwa mwezi. Ya pili, kwa mkandarasi mdogo, posho ya 350,000. Ukitazama hivyo, ya kwanza ni mara mbili ya ya pili, na mzee yuko sahihi. Lakini mshahara wa 700,000 una makato. Mchango wake wa asilimia 10 kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unaondoa 70,000. Inabaki 630,000 inayotozwa kodi, na kwa viwango vya PAYE, kodi ya mshahara, kodi yake ni 42,000. Kisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, inayomdai mkopo wa masomo, inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 105,000. Kinachofika mkononi ni 483,000. Tofauti kati ya ofa mbili imeshuka kutoka 350,000 hadi 133,000, na bado hajalipa bodaboda za kufuata wakopaji wasiopokea simu.

Hesabu hiyo isitumike kudanganyana, maana nimeona wanaoipenda fani wakiishangilia mapema. Makato mengine ni mali yako. NSSF inaandamana na mchango wa mwajiri, na deni la Bodi ya Mikopo linapungua kweli kweli, hasa tangu mwaka 2021 ilipoondolewa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ambayo ilikuwa inafanya watu walipe miaka na deni lisisogee. Yule wa posho ya 350,000 hakatwi kwenye karatasi, lakini deni lake liko palepale linamngoja. Kwa hiyo hizo 133,000 sizo tofauti kamili. Ni tofauti ya kuishi mwezi huu, na kwa binti huyu ndiyo iliyokuwa na uzito, kwa sababu anaishi kwa wazazi na hakuna mdogo wake anayemsomesha. Angekuwa analipa kodi ya chumba na ada ya mtu, ningemshauri tofauti bila kusita.

Kitu kingine ni huo “uhakika” wenyewe. Tuusome kwenye mkataba badala ya kuukuta kwenye maneno ya majirani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliruhusu mikataba ya muda maalumu kwa wataalamu na kada ya uongozi, na kwa kuwa una shahada, wewe ni mtaalamu. Matokeo yake wahitimu wengi wanaosema “nimeajiriwa” wana mkataba wa mwaka mmoja unaohuishwa mwajiri akipenda. Ongeza kwamba kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki haimgusi aliye chini ya miezi sita. Ongeza malengo ya mwezi. Afisa mikopo hapimwi kwa mikopo aliyotoa peke yake, anapimwa kwa inayochelewa kurudi, na mkopaji akihama mtaa usiku, mzigo unabaki na jina lako. Ipo pia tabia ya baadhi ya waajiri kushikilia vyeti halisi “kwa usalama”. Usivitoe. Mpe nakala iliyothibitishwa, akikataa umeshamjua.

Lakini kazi ya fani nayo isipewe utukufu wa bure. Neno “kujitolea” limekuwa pana mno siku hizi. Nimekutana na wahitimu waliojitolea katika ofisi moja miaka mpaka wageni wakadhani ni waajiriwa, na siku ya kuomba barua ya uthibitisho wakaambiwa hakuna kumbukumbu zao. Ofa ya posho kwa mkandarasi ilikuwa na maana kwa yule binti kwa sababu moja: kampuni ilikuwa na mhandisi mtaalamu aliye tayari kumsimamia na kusaini kazi zake. Nilimwambia aulize hilo kabla ya kuuliza posho. Asingekuwepo msimamizi, ile ingekuwa njaa yenye kofia ngumu, na hapo ningemrudishia mzee wake ushindi.

Kati ya pande hizo mbili kuna eneo ambalo naona halitumiki vya kutosha: kazi ya uhakika iliyo ukingoni mwa fani. Mhitimu wa kilimo akiajiriwa benki, akaomba akae dawati la mikopo ya kilimo, baada ya miaka mitatu anajua mazao, bei, msimu na hatari za mkulima kuliko mwenzake aliyesubiri kuwa afisa ugani. Mwenye takwimu anaweza kuanza kama karani wa madai kwenye bima na kusogea taratibu upande wa tathmini. Mhandisi wa ujenzi ana nafasi kwenye bima na kwenye mabenki yanayokopesha majengo, kwa kukagua na kuthamini hatua za kazi, ingawa bado aulize kama bodi itayakubali hayo kama kazi za kihandisi. Hapa namlaumu mhitimu kidogo. Akishapewa barua ya ajira anashukuru, anakwenda anakopelekwa. Wiki ya kwanza ndiyo ya kumwendea meneja na kusema, “Bosi, mimi nimesoma kilimo, kukitokea kazi upande ule naomba nikumbukwe.” Sisi wa rasilimali watu hatusomi mafaili ya watu waliokwisha kuajiriwa. Usiposema, shahada yako inalala kabatini mpaka siku ya kustaafu.

Nirudi serikalini, maana ndiko “ingia kwanza” inakoaminiwa zaidi. Kwenye matangazo yale yale, sharti la waraka wa 2010 lina mwenzake linalosema watumishi waliojipatia sifa za kada tofauti wapitishe barua zao kwa waajiri wao. Maana yake bosi wako aridhike kwanza, naye ndiye huyo huyo ambaye ofisi yake itabaki na pengo. Njia ya pili ni kubadilishiwa kada hapohapo ulipo, na hiyo inahitaji nafasi kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na kwenye bajeti, na ukibadilishiwa unaanzia cheo cha chini cha kada mpya, hata kama kule ulikotoka ulishapanda. Mshahara unaweza kuubeba kama mshahara binafsi, cheo hukibebi. Wapo wanaofanikiwa, ninawajua. Wengi wao walikwenda kusoma wakiwa kazini, kwa ruhusa ya mwajiri, na faili linaonyesha hivyo. Anayepata shida ni yule aliyeificha shahada ili apate nafasi ya cheti, kisha baada ya miaka miwili akaitoa. Tarehe ya kuhitimu iko kabla ya tarehe ya barua ya ajira, na afisa utumishi atakuuliza mara moja ulikuwa unaitunza wapi.

Kwa upande mwingine, ile miaka 45 ya kwenye matangazo iwapunguzie presha wale wa miaka 26 wanaodhani serikali inawafungia mlango kesho. Majeshi yana umri wao, wa chini zaidi. Utumishi wa kawaida una nafasi ya kutosha kumaliza miaka mitatu ya usajili, kisha kuomba ukiwa na usajili mkononi, kwenye kada yako, bila kupitisha barua kwa mtu.

Na kama umeshaamua kutoka kwenye kazi ya uhakika kuifuata fani, toka kwa utaratibu. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28, na mwajiri anaweza kukudai ukiondoka bila notisi. Usijipe matumaini ya fao la upotevu wa ajira, hilo ni la aliyeachishwa. Aliyeacha mwenyewe hapewi. Nenda Bodi ya Mikopo ujiandikishe kulipa mwenyewe kabla hawajakutafuta. Chukua barua ya utumishi inayotaja ulichokifanya, siyo cheo pekee, kwa sababu kwenye usaili wa kwanza wa fani yako nitakuuliza, au mwenzangu atakuuliza, miaka ile ulikuwa wapi.

Binti alikwenda kwa mkandarasi. Mzee bado hajafurahi.