Tahajia moja, maneno mengi

Andika herufi s, a, n, a kwenye karatasi tupu. Msomaji wa Kiswahili ataona ile "sana" ya "asante sana". Msomaji wa Kifini ataona "neno", kwa sababu kwake sana ni neno lenyewe. Mturuki atasoma "kwako", Mwindonesia atasoma "kule", na Mhispania atafikiria mwanamke mwenye afya njema. Wote wamesoma sawasawa.

Maneno ya namna hii, yanayoandikwa sawa lakini yana maana tofauti, wanaisimu huyaita homografu. Ndani ya Kiswahili tunayo tele: kaa la moto, kaa wa baharini, kaa kitako. Hayo hayatusumbui, maana ngeli na sentensi hutuambia ni kaa yupi. Homografu zinazovuka lugha ni ngumu zaidi kidogo. Kabla hujauliza neno lina maana gani, huna budi kujua ni neno la lugha ipi, na herufi peke yake hazisemi.

Mara nyingi chanzo ni sadfa tu, na sadfa hiyo haishangazi ukipiga hesabu. Chukua irabu 5 na konsonanti 20. Utapata silabi 100 za konsonanti na irabu, na kwa silabi hizo huwezi kuunda zaidi ya maneno 10,000 ya silabi mbili. Lugha nyingi hupenda maneno mafupi ya umbo hilo, kwa hiyo lazima zigongane. Kuku wetu kwa Kiindonesia ni kucha, na dada ni kifua. "Lima" tunayomwambia mtu mwenye jembe ni hesabu ya tano kwa Kiindonesia, na kwa Kihispania ni tupa ya kunolea. Hakuna aliyeazima kwa mwenzake.

Mengine, hata hivyo, ni ndugu waliotengana, na hayo ndiyo yanayonivutia zaidi. Gift kwa Kiingereza ni zawadi. Kwa Kijerumani ni sumu. Asili yao ni moja, kitenzi cha kale chenye maana ya kutoa. Kwa Kijerumani pia neno hilo zamani lilimaanisha kitu kilichotolewa, likaja kutumika kwa dawa anayopewa mtu kwa kipimo, kisha likaangukia kwenye sumu. Maana ya kale haijafutika: Mitgift hadi leo ni mali anayopewa bibi harusi na wazazi wake. Kwa Kiswidi, gift ni sumu na vilevile ni mtu aliyeoa au kuolewa. Ukoo mmoja umezaa zawadi, sumu na ndoa.

Tahajia nayo huficha matamshi. Kwa Kifaransa chat ni paka, na hutamkwa "sha". Kwa Kiingereza herufi hizohizo ni mazungumzo, na sauti ni nyingine kabisa. Katika Kilingala, mtu, kichwa na moto vyote huweza kuandikwa "moto" katika maandishi ya kawaida. Msemaji huvitofautisha kwa toni, na neno la moto wa kuwaka lina irabu zake pia, lakini alama za kuonyesha hayo mara nyingi huachwa.

Kinyume chake kipo. Kwa Kijojia, mama ni baba! Lakini Wajojia wana alfabeti yao wenyewe, kwa hiyo neno lao hufanana na letu masikioni tu. Kiswahili nacho kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Ilikuwa mpaka kiandikwe kwa herufi za Kilatini ndipo "leo" yetu ikalingana kwenye karatasi na leo ya Kilatini, yaani simba, na ile ya Kihispania, yaani "ninasoma", na ya Kihawaii, yaani sauti.

Kompyuta hulisikia tatizo hili kuliko sisi. Mfumo wa Unicode huipa kila herufi namba yake, lakini hauandiki popote kwamba herufi hiyo imo katika neno la Kiswahili au la Kituruki. Ndiyo maana kurasa za intaneti huwekewa alama ya lugha, "sw" ikiwa ya Kiswahili, ili programu ya kusoma kwa sauti au ya kusahihisha tahajia ijue kanuni za kufuata. Kamusi ya mtandaoni ya Wiktionary, iliyoanza mwaka 2002, imelikubali jambo hili waziwazi: ukurasa ni wa tahajia, na ndani yake kila lugha ina sehemu yake. Anayeufungua kwa haraka na kunakili maana ya kwanza anayoiona anaweza kuchukua maana ya lugha nyingine kabisa.

Dawa iko kwa majirani wa neno. "Leo asubuhi" haiwezi kuwa Kihispania, na "leo un libro" haiwezi kuwa Kiswahili. Neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia halina jirani, kwa hiyo ongeza la pili.