Je, wajua kwa nini namba 32768 huweza kufufua diski ya Linux?

Katika vibanda vya kuchapisha karatasi vya Wandegeya, Kampala, ambako wanafunzi wa Makerere hupeleka tasnifu zao, umeme ukikatika kompyuta isiyo na betri huzimika papo hapo, hata kama ilikuwa katikati ya kuandika diskini. Mara nyingi diski husalimika. Mfumo wa mafaili wa ext4, yaani utaratibu wa kupanga mafaili diskini, ambao hutumika sana kwenye mfumo endeshi wa Linux, huandika mabadiliko ya mpangilio wake kwanza katika daftari la pembeni, na umeme ukirudi hulisoma na kukamilisha yaliyoachwa njiani. Aya ya mwisho ya tasnifu yaweza kupotea, lakini mpangilio hubaki.

Kuna siku, hata hivyo, patisheni, yaani sehemu ya diski iliyotengwa, hukataa kabisa kufunguka, na kompyuta hudai kwamba namba ya utambulisho iliyo ndani ya supabloku si sahihi. Supabloku ni kama hati ya kiwanja: huanza baiti 1024 kutoka mwanzo wa patisheni na hutaja ukubwa wake, idadi ya bloku (vipande vyake vya ukubwa sawa) na jinsi zilivyogawanywa. Ikichafuka, Linux haijui inatazama nini, ingawa mafaili yenyewe huenda ni mazima.

Kwa bahati nzuri hati hiyo haina nakala moja tu. Bloku zikiwa za baiti 4096, kama ilivyo kawaida, patisheni hugawanywa katika makundi ya bloku 32768, yakihesabiwa kuanzia sifuri, na nakala za supabloku huwekwa katika kundi la 1, la 3, la 5, la 7, la 9 na mengine machache ya mbele. Ndiyo maana nakala ya kwanza hupatikana kwenye bloku ya 32768, inayofuata kwenye 98304, kisha 163840. Fundi huiambia e2fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo huo wa mafaili, itumie nakala ya kwanza kwenye patisheni iitwayo, kwa mfano, /dev/sdb1:

e2fsck -b 32768 /dev/sdb1

Patisheni isiwe imepachikwa, yaani isiwe imefunguliwa kwa matumizi, wakati huo, kwa sababu Linux na e2fsck zikiandika mahali pamoja kila moja huvuruga kazi ya mwenzake. Diski ikigongagonga, inakiliwe kwanza kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Amri ya mke2fs -n huonyesha nakala zilipo bila kuandika chochote, lakini binafsi huisoma mara mbili kabla ya kubonyeza, maana bila ile -n mke2fs huunda mfumo mpya wa mafaili juu ya ule wa zamani.

Mafaili ambayo e2fsck huyakuta hayana folda hutupwa ndani ya folda iitwayo lost+found, yakiwa yamepoteza majina na kupewa namba za inodi zake, yaani kumbukumbu ambazo mfumo huweka kwa kila faili. Tasnifu ya miaka mitatu yaweza kukutwa humo ikiitwa #131075, nzima kabisa, ikisubiri mtu aifungue na kuitambua.