Kusoma picha katika somo la ufahamu: maana yake na inavyofanyika

Kusoma picha, kwa mwalimu wa darasa la kwanza au la pili, ni kumfanya mtoto autumie mchoro ulio kwenye ukurasa kufikiri juu ya kilichoandikwa: kubashiri kitakachotokea, kutafuta sababu, kulinganisha kinachosemwa na kinachoonekana. Kumwonyesha picha ili asichoke ni jambo jingine.

Kwa Kiswahili hili lina uzito wa pekee, maana maandishi yetu hayana hila. Mtoto akishamaliza ba be bi bo bu, na silabi ngumu kama nya, mbwa na ng'o zikishamkaa, anaweza kusoma kwa sauti karibu sentensi yoyote, hata yenye maneno ambayo hajawahi kuyasikia. Wazazi wanapiga makofi. Muulize hadithi inahusu nini, anakutazama tu. Mara nyingi ni mtoto anayezungumza Kisukuma au Kigiriama nyumbani na kukutana na Kiswahili sanifu darasani, ingawa hata wa Temeke na Likoni hawajasalimika.

Na maswali tunayouliza huificha hali hiyo. Hadithi inasema, "Neema alikwenda kisimani." Swali: "Neema alikwenda wapi?" Mtoto anasogeza kidole mpaka kwenye jina la Neema, ananakili yanayofuata, anapata vema. Jaribu mwenyewe: "Zuki alinunua tilupa. Zuki alinunua nini?" Tilupa. Umepata vema, na hakuna kitu duniani kiitwacho tilupa.

Picha nzuri huzaa swali lisilonakilika. Chukua ukurasa wenye maneno haya tu: "Neema alirudi kutoka kisimani. Mama alimtazama, akacheka." Kwenye mchoro, Neema ameshika ndoo tupu, gauni linachuruzika maji, goti moja lina tope. Sasa uliza, "Kwa nini mama anacheka?" Hakuna sentensi ya kunakili. Mmoja atasema Neema ameanguka, mwingine atasema alikuwa anachezea maji. Mwalimu asikimbilie kusema nani kapatia; aulize, "Umejuaje?" Kwangu mimi swali hilo ndilo kazi yote. Mtoto akijibu, "Ameanguka, si unaona goti lina tope?", ameunganisha kilichosemwa na kisichosemwa, na huko ndiko kuelewa. Akija mwingine kusema, "Mbona mama hakasiriki, maji yamemwagika?", liache darasa libishane kidogo.

Picha huweza kutumika kabla ya kusoma, kwa kuziba maandishi na kubashiri, au baada ya kusoma, kwa kuziba picha na kusimulia. Watoto wengine husimulia vizuri zaidi wakipewa penseli wachore wenyewe.

Kuna matumizi moja ambayo siyapendi, nayo yameenea: kumwambia mtoto aliyekwama kwenye neno, "Angalia picha." Pameandikwa "basi", pamechorwa daladala, naye anasoma "daladala". Tunamsifu kwamba amekaribia. Hajakaribia, hajasoma. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kuelewa maandishi kama zao la kuzidisha vitu viwili, kutambua maneno na kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Neno lisomwe kwa herufi zake, ba-si, kisha picha ije kusaidia maana: basi lenyewe ni la namna gani, limejaa, linakwenda wapi.

Pia tusidhani kila mtoto anaijua lugha ya michoro. Vistari nyuma ya mpira vinamaanisha mpira unakwenda kasi, mti mdogo juu ya ukurasa uko mbali, wingu lenye vipovu juu ya kichwa ni mawazo. Mtoto ambaye nyumbani hakuna kitabu hayajui hayo mpaka aelezwe, kama alivyoelezwa herufi.

Vitabu vikiwa vichache, mchoro mmoja mkubwa kwenye manila au ubaoni unatosha darasa zima, na hauhitaji kuwa mzuri. Watoto hawacheki mbuzi wa mwalimu kwa muda mrefu. Mwenye intaneti anaweza kupata hadithi zenye picha kwenye African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ambao una hadithi za Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapwa na kunakiliwa bure. Angalizo moja tu: fotokopi ya nyeusi na nyeupe hufuta vitu vidogo, na tope la gotini likipotea, swali lako limekufa. Kabla ya kugawa nakala, pitisha kalamu nyeusi juu ya vile vitu unavyotaka vionekane.