Mbio za hisani si za wenye pumzi tu

“Mie siziwezi, nitaishia Maisara nahema.” Ndiyo jawabu ninayopewa kila fulana za mbio za hisani zinapoanza kuuzwa hapa Unguja. Jamani, mchango ni ile ada uliyolipa ulipojiandikisha; uwe wa kwanza au wa mwisho, haiongezeki hata shilingi. Kilomita 5 ukizitembea tu ni kama saa nzima.

Anayeanza akimbie dakika moja, atembee mbili, arudie hivyo mpaka zitimie 20, mara tatu kwa wiki. Kipimo ni mdomo: ukipita baraza ukashindwa kuitikia salamu, punguza mwendo. Na utoke baada ya sala ya alfajiri. Jua la saa nne halina huruma. Nimelijaribu, nikarudi na daladala.