Majitaka mtoni: kwa nini naanza na kizingiti kabla ya chupa

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, anayetaka kutiririsha majitaka mtoni sharti awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde husika. Katika Bonde la Pangani sharti hilo linawagusa wengi, kuanzia miji iliyo chini ya Kilimanjaro na Meru hadi mashamba ya mkonge ya Korogwe.

Viwango vyenyewe havina utata: BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu huitumia kuozesha uchafu kwa siku 5 katika nyuzijoto 20, isizidi miligramu 30 kwa lita, COD, yaani oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali, isizidi 60, na pH, kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 6.5 na 8.5. Ugumu unatokana na kwamba kipimo cha miligramu kwa lita hakisemi ni lita ngapi zimetoka. Kiwanda kinachotoa mita za ujazo 500 kwa siku zenye BOD ya 120 kinaumwagia mto kilo 60 za BOD kila siku. Kikichanganya humo mita za ujazo 1,500 za maji safi ya kisima, chupa itasoma 30 na maabara itaandika kwamba kimefaulu, ilhali kilo zilizoingia mtoni ni zilezile 60, na kisima kimenyonywa bure.

Ndiyo maana ninapokagua mimi huanzia kwenye kizingiti, yaani kibao kinachokatiza mfereji, chenye mkato wa V ambamo maji hupita, penye rula iliyopachikwa pembeni. Kwa mkato wa nyuzi 90, maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha ya mkato, yanapita takriban lita 4.4 kwa sekunde. Yakifika sentimita 20, ni karibu lita 25. Tope likijikusanya nyuma ya kizingiti, usomaji huo hauaminiki tena, kwa hiyo naomba lizolewe kwanza, hata kama mwenyeji wangu anaona nampotezea muda.

Sampuli ya mchoto mmoja inaeleza dakika ile tu. Napendelea kuchota kila saa katika zamu nzima, ikiwemo saa ya kuosha mitambo, kisha kuchanganya kwa uwiano wa mtiririko. Oksijeni na pH hupimwa palepale. Chupa za BOD huwekwa kwenye barafu, na fomu ya makabidhiano husainiwa kila zinapobadilisha mikono.

Mkonge unastahili uangalifu wa pekee. Nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Sehemu kubwa ya kilichobaki husukumwa na maji kutoka kwenye korona, mashine inayotenganisha nyuzi na jani, huchacha, na pH yake hushuka. Hapa kupima mdomoni mwa mfereji peke yake kunapotosha, kwa sababu oksijeni hufikia kiwango cha chini kabisa mbali zaidi, baada ya vijidudu kupata muda wa kuushambulia uchafu. Nateremka na kijito nikipima kila penye kivuko, na mawe yenye utando wa kijivu unaoteleza hunionyesha mahali pa kuongeza vipimo.

Ukaguzi kama huu hauna thamani sawa kwa misimu yote. Wakati wa masika mto umejaa na huficha mengi. Kabla ya vuli, kijito kilekile huweza kuwa na maji machache kuliko mfereji unaokiingilia. Kwa maoni yangu, kibali kinachotaja ujazo mmoja kwa mwaka mzima kina kasoro, na katika ripoti zangu hupendekeza kiwe na kikomo cha kiangazi kinachofungamana na mtiririko wa mto.