Msuguano: kinachoamua ni hali ya nyuso mbili

Msuguano ni nguvu inayozuia kitu kuteleza juu ya kingine. Ukiulizwa msuguano wa mpira ni kiasi gani, uliza kwanza: mpira juu ya nini, na katikati yake kuna nini? Vumbi, maji, oili na tope vyote vinaingia kwenye hesabu.

Kipimo chake hupatikana kwa kugawanya nguvu ya kukitelezesha kitu kwa nguvu inayokigandamiza juu ya uso. Tairi kwenye lami kavu hupata takriban 0.8, na lami ikilowa, takriban 0.4. Kwenye tambarare, gari la kilomita 60 kwa saa likifunga magurudumu litaburuzika kama mita 18 pakavu na 35 palipolowa, bila kuhesabu muda wa dereva kushtuka. Kwenye mteremko mkali kama wa Kitonga, mkoani Iringa, umbali huo huongezeka.

Sababu iko kwenye vinundu vidogo mno ambavyo hata uso laini huwa navyo. Nyuso zinashikana pale vinundu vinapogusana. Maji au oili ikijaa katikati, inavitenganisha. Ndiyo maana tairi lililoisha kashata (vinundu na mifereji ya uso wake) laweza kushika vizuri wakati wa kiangazi, kisha likateleza vibaya masika: maji hayana mfereji wa kutokea.

Dakika za mwanzo za mvua ya kwanza ndizo za kuogopwa zaidi. Vumbi na oili vilivyolala barabarani miezi ya kiangazi huchanganyika na maji kidogo, vikawa utando unaoteleza. Mvua ikizidi, huuosha.

Breki nazo zina yake. Maji kwenye breki hukauka ukikanyaga kidogo kidogo. Oili haikauki: lainingi (kipande cha breki kinachosugua) huinyonya, na kuifuta kwa kitambaa hakusaidii, lainingi ibadilishwe. Lainingi ikichemka kwa kukanyagwa mteremko mzima, gundi yake hutoa gesi, uso unakuwa kama kioo na breki hazishiki. Shuka kwa gia nzito (ya namba ndogo) tangu juu, usisubiri harufu ya kuungua.

Kujipimia ni rahisi. Weka kandambili yenye jiwe juu ya ubao wa mita 1, inua ncha moja taratibu hadi ianze kuteleza. Gawanya kimo cha ncha hiyo kwa urefu wa chini, uliolala sakafuni: kimo cha sentimita 50 kwa 87 ni 0.57, ndicho kipimo cha msuguano. Paka ubao maji ya sabuni, kisha rudia.